Picha Tisa za Roelfien

Roelfien Hoving hakusoma Kilatini hata siku moja. Miaka thelathini na moja alisimama kiwandani hapa Drenthe, Uholanzi, akiondoa viazi vibovu kwenye mkanda, na jicho lile lile ndilo alilokuja nalo kwenye chama chetu cha wadudu alipostaafu. Kazi yenyewe ni ya kujitolea. Watu wanatuma picha za wadudu, sisi tunaandika majina yao mawili ya Kilatini, na mashine ya chuo kikuu inajifunza kuwatambua kutokana na majina hayo. Roelfien alikuwa ameshazipa majina picha elfu arobaini na tatu. Mimi, Berend, nilikuwa mhakiki wake, maana kila jina lazima lipitishwe na mtu wa pili.

Na alikuwa mkali! Ukimpa picha ya kereng'ende aliyejificha nyuma ya jani, anaandika jina la kwanza tu, Coenagrion, la pili analiacha wazi.

"We Roelfien, si unajua kabisa huyu ni puella? Huku wamejaa tele."

"Umeiona alama ya mgongoni?"

"Sijaiona."

"Basi nyamaza, unywe kahawa yako."

Alama ndiyo kila kitu. Puella ana doa jeusi kama kikombe. Lunulatum, ndugu yake adimu, ana mwezi mwandamo. Lunulatum kwetu alikuwa amebaki kwenye dimbwi moja tu, Zwartveen, dakika kumi kwa baiskeli kutoka nyumbani kwa Roelfien. Kisha ikaja kampuni iliyotaka kulifukia dimbwi na kujenga ghala. Wakubwa wa jimbo wakasema kamera zitategwa pale Mei, mashine itataja inachokiona, na lunulatum akionekana, dimbwi litabaki. Tatizo ni kwamba mashine haifundishwi mdudu mwenye picha chini ya ishirini. Za lunulatum zilikuwa kumi na moja.

"Yaani kwa kuwa ni adimu, ndiyo hayupo?" Roelfien aliniuliza jikoni kwangu. Biskuti yake hakuigusa.

Tulitafuta picha za zamani kila mahali, tukaambulia patupu. Februari zikanijia picha tisa mpya za lunulatum, zimetajwa na Roelfien. Nilipaswa kuzikagua moja moja. Nilizipitisha zote kabla kahawa haijapoa, kwa sababu ni Roelfien, na Roelfien hakosei. Mpaka leo naona aibu.

Wote tisa walikuwa puella. Aliwachagua wale ambao jani au bawa limeficha mgongo, wale ambao miaka yote alikataa kuwapa jina la pili.

Aprili mashine ikaanza kuona lunulatum kila mahali, hata kwenye beseni la maji nyuma ya duka la baiskeli. Sietske, binti anayesimamia hifadhi ya picha chuoni, akaja mwenyewe.

"Mama Roelfien, hizi tisa umezitajaje?"

"Kwa makusudi."

"Mama, si ungeniambia mimi kwanza?"

"Ungenisaidia?"

Sietske akafungua kompyuta yake pale pale. Alizitoa picha zote ishirini, kumi na moja za kweli zikazolewa pamoja na tisa za uongo, na kila jina aliloandika Roelfien likawekwa kando. Na mimi nikavuliwa uhakiki. Mashine ikafundishwa upya, bila lunulatum.

Juni, kamera ya Zwartveen ikanasa kereng'ende mmoja wa buluu juu ya tete. Mashine ikaandika puella, asilimia tisini na saba. Picha hizo kila mtu anaweza kuzitazama, na Roelfien alizitazama zote. Bawa lilikuwa limekatiza mgongo. Chini yake ilichungulia ncha moja nyeusi, nyembamba, iliyopinda. Nikampigia Sietske.

"Nani kamtambua?"

"Roelfien."

"Mzee, nitafutie mtu mwingine."

"Mimi pia nimemwona."

"Nakuomba, mzee Berend."

Wataalamu wawili walipelekewa picha. Wote wawili waliandika Coenagrion, jina la pili wakaliacha wazi, kama ambavyo Roelfien mwenyewe angefanya zamani. Jimbo likatoa kibali.

Oktoba nilimkuta mezani kwake, picha ile ameichapisha kwenye karatasi. Malori ya mchanga yalikuwa yakipita nje tangu asubuhi, vikombe vinatetemeka kabatini. Alikuwa amekonda. Akaisukuma picha upande wangu.

"Unaona nini, Berend? Usiniridhishe."

Nilivaa miwani. Nilitazama kwa muda mrefu, kama nilivyopaswa kutazama Februari.

"Mwezi," nikasema.

Akaficha uso mikononi. Lori jingine likapita, naye akangoja limalize.

"Sema tena," akasema.