Tiketi ya Siku ya Krismasi

Tiketi zote za Desemba zilikuwa na bei ya kiwanja, isipokuwa ya siku ya Krismasi yenyewe. Siku hiyo kila Mchaga yuko kwao mlimani. Anayeshuka kwenda kupanda ndege ana wazimu. Ilikuwa ndege hadi Milano, halafu treni mpaka Ujerumani kwa dada yangu, aliyekuwa anakaribia kujifungua bila ndugu hata mmoja.

Nilikuwa Marangu kwa mama mkwe, nimekaa kwenye migomba na simu mkononi. Akilini nilishaiona ile treni inapita taratibu kati ya majani, mwanangu amebandika pua kwenye kioo, na theluji nje inakwenda naye.

"Krismasi haiwezekani," mume wangu akasema. "Mama ana mbuzi wa sikukuu."

Nikapandwa na hasira. Dada yangu anazaa, huyu ananitajia mbuzi!

"Mama," nikamgeukia mkwe, "mbuzi hajui kalenda. Mchinjeni mapema."

Mume wangu akainama kama anasubiri kofi. Mama mkwe aliendelea kukata majani ya ng'ombe.

"Sasa wewe ndiye wa kunifundisha kuchinja?" akasema. Akakata tena, kisha akauliza, "Na huko kwenye treni mtoto atavaa nini? Baridi ya Wazungu siyo hii yetu."

Nikalipa tiketi palepale kwenye simu. Jioni ukungu ulishuka ukafunika migomba na nyumba, nikabaki humo nimekaa, naona kama tumeshaondoka.