Damu ya Ufizi Si Kawaida

Nakumbuka siku moja ya likizo, mwanangu, nilipanda milimani Mgeta kumsalimia mjomba wangu, Mzee Mkude, mkulima wa kabichi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kihonda, sijafika hata miaka thelathini. Kila asubuhi niliwakagua watoto wa watu kucha na meno, na kila asubuhi mimi mwenyewe nilitema damu nikipiga mswaki. Walimu wenzangu nao walitema, tukaambiana ni kawaida. Fizi ziliponiuma niliacha kuzigusa kabisa, nikidhani nazihurumia.

Mjomba alinipa hindi la kuchoma. Nikang'ata, jino la mbele likabaki kwenye hindi. Halikuuma. Nikacheka kwa aibu, mkono mdomoni.

Yeye hakucheka. Alilichukua, akaligeuza kwenye mwanga.

"Jino hili limetoboka wapi?"

"Halijatoboka, mjomba."

"Basi limeng'oka kwa nini?"

Nikamwambia habari ya damu, kwamba ilikuwa inatoka mwaka wa tatu sasa, na kwamba ni kawaida.

"Mbuzi wako angetoka damu mdomoni siku mbili," alisema polepole, "ungemtafuta bwana mifugo. Wewe ni mwalimu, umejinyima hata heshima ya mbuzi."

Jino halikuniuma, mwanangu, ila maneno yale yaliniuma. Lakini alisema kweli, na kesho yake nikateremka mjini kwa daktari wa meno. Akanieleza kwamba ukoga, ule utando wa uchafu kwenye meno, ukiachwa hugeuka ugaga mgumu kama jiwe, ufizi ukavimba, ukajitenga na jino, na mfupa unaolishikilia ukaliwa chini kwa chini. Akasema watu wazima wengi mno duniani wana ugonjwa wa fizi, wa Ulaya na wa huku, matajiri na makabwela. Nikashusha pumzi.

"Kumbe tuko wengi."

Alinitazama kwa hasira. "Wingi wa wagonjwa haujawahi kuwa dawa, mwalimu."

Alinisafisha, lakini meno mengine matatu yalikuwa yamekwisha kulegea. Yakang'olewa.

Ndiyo maana hadi leo nikisikia mtu mzima na akili zake anasema damu ya ufizi ni kawaida, nakasirika. Wengi wape, wamesema wahenga. Sawa, wape uongozi, wape uwanja, usiwape meno yako. Juzi tu binti yangu, mwenye shahada mbili, katema damu kwenye sinki langu, akafungua maji, akaendelea kuongea na simu. Simu hiyo ikipasuka kioo huipeleka kwa fundi siku hiyo hiyo. Nilifunga bomba nikamwambia akae chini.

Nawe kaa usikie. Piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, taratibu, hadi pale ufizi unapokutana na jino. Ukiona damu usiache kupiga mswaki, wala usiridhike na maji ya chumvi. Nenda ukaguliwe, ugaga uondolewe, hata kama hakuna kinachouma, maana ugonjwa huu hauna kelele. Sigara iache, na mwenye sukari ajichunge zaidi. Na usione haya kusema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mungu akupe umri mrefu, mwanangu, na akuzeeshe ukitafuna mwenyewe.