Migomba ya Baba na Gari la Viti Viwili

Gari langu la kwanza nililikuta na kuku ndani. Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, la viti viwili, lisilo na paa, la aina ile iliyotengenezwa kabla ya vita kwa ajili ya vijana wa Kizungu wanaopenda kwenda mbio bila sababu. Mwenyewe alikuwa meneja wa shamba la mkonge huko chini tambarare, na alikuwa anafunga mizigo arudi kwao Ulaya. Mimi nilikuwa fundi katika karakana ya reli pale Voi. Mashine yake ya mkonge ilipokwama, nilikwenda nikamtengenezea Jumapili moja baada ya ibada. Akanitazama nikinawa mikono, akasema lile gari lililo bandani nikilitaka ni langu. Nililitaka. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na sijawahi kumiliki hata baiskeli.

Kuku alikuwa ametamia kwenye kiti cha dereva na hakukubali kuondoka. Panya walikuwa wamekula ngozi ya viti, na mchwa walikuwa wamemaliza mbao. Sikujua kwamba bodi ya magari yale ni bati tu lililopigiliwa juu ya fremu ya mbao. Nilishika mlango kuufungua, ukabaki mkononi. Lakini nilipoingiza hendeli na kuizungusha, injini ilizunguka, nzito na laini, bila kukwaruza. Mtu mwenye akili angemrudishia kuku gari lake. Mimi nilipenda hapo hapo, na nikipenda kitu huwa sisikii la mwadhini wala la mnadi swala.

Msimamizi wa nyumba za reli alinikataza kuliweka pale tulipokaa. Kwa hiyo nilifanya kosa ambalo nadhani ni sisi watu wa milimani tu tungelifanya. Kwetu, mtu akipata kitu cha maana hukipeleka nyumbani kwanza, kionwe na wazee. Ng'ombe, mke, redio, hata habari njema. Wazo la kutafuta pahali pengine halikunijia. Nililifungua gari nati kwa nati, nikaomba lori linibebee vipande mpaka Chawia, na pale barabara ilipoishia, kanisani, majirani wakapokea.

Kutoka kanisani hadi kwetu ilikuwa njia ya miguu, na ilipita katikati ya shamba la baba. Wanaume wanane walibeba chasisi kwa miti, kama wanavyobeba mgonjwa. Wanawake walibeba magurudumu na viti. Shangazi yangu alifunga rejeta mgongoni kwa kamba, akasema ni nyepesi kuliko mumewe anapotoka kilabuni. Ilikuwa siku ya furaha kubwa. Nilifikiria kila nati na kila spoki ya gari lile. Njia sikuifikiria.

Kwa miaka miwili, kila Jumamosi, nilipanda basi hadi Mwatate kisha nikakwea nyumbani kulifufua. Baba alinisaidia kuliko nilivyotegemea. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na mkono wake kwenye mbao ulikuwa mzuri. Fremu nzima aliichonga yeye. Kila kipande alikitazama mara tatu, akakikataa, akasema mti huu haujakauka, tungoje. Tukangoja. Niliponuna alicheka, akaniambia haraka haraka haina baraka. Nilidhani anapenda kazi nzuri, na kweli aliipenda. Lakini sasa najua alipenda zaidi gari likiwa vipande, kwa maana vipande vilikuwa vinanirudisha nyumbani kila Jumamosi.

Lilikuwa na kabureta mbili zisizoelewana, moja ikipumua nyingine inakohoa. Siku zilipopatana, injini ilinguruma uani mpaka mbuzi wakakata kamba. Mtaa mzima ukaja. Watoto walipanda juu ya ukuta wa mawe, mama alipiga vigelegele. Nikazima, nikashuka, nikajifuta mikono kama bwana mkubwa.

"Limependeza," shangazi akasema. "Sasa litatokea wapi?"

Watu walicheka. Nami nikacheka nao, kisha nikatazama ile njia, nikaacha.

Jioni ile niliipima kwa kamba. Gari lilihitaji upana wa ng'ombe wawili waliosimama pamoja. Njia ilikuwa na upana wa mbuzi mmoja. Pande nyingine zote ni mteremko ambao hata maji huuogopa. Kulifungua tena vipande baada ya miaka miwili nisingevumilia. Ilibidi kupanua pale inapokata matuta matatu ya baba, basi, kazi ya siku nne. Nilimwomba ruhusa tukila. Hakusema ndiyo, hakusema la. Alisema, "Tutaona." Jumamosi iliyofuata nilikuta migomba michanga sita imepandwa, safi kabisa, mmoja kila hatua, pembeni mwa njia pale pale nilipokusudia kuchimba.

Jumamosi nyingine ilikuwa minane. Kisha kumi na moja.

Hapo ndipo nilipobanwa. Mhindi mmoja mwenye gereji Mombasa, aliyewahi kuniona kazini lori lake lilipoharibika Voi, alikuwa ameniahidi kazi ya fundi mkuu. Alisema atanishikia nafasi hadi mwisho wa mvua za masika, si zaidi. Hilo ndilo lililokuwa mbele yangu: kuondoka, kuwa mtu mwingine, kwenda kuishi mahali ambapo hakuna anayejua nililia siku gani. Na mbele ya hilo palikuwa na migomba. Mgomba aliopanda baba yako huung'oi. Si woga wa viboko. Ni kwamba unajiitia hasira yake, na kwetu hasira ya mzazi ina miguu, itakufuata popote.

Utaniuliza kwa nini sikupanda treni, mimi mfanyakazi wa reli. Hata mama aliniuliza. Nilimjibu kwa ukali kwamba siwezi kuacha kazi ya miaka miwili ikageuka kuwa banda la kuku tena. Kilikuwa kiburi. Pia kulikuwa na kaka yangu mkubwa, aliyepanda treni pale Voi kwenda vita vya Bama, ng'ambo ya bahari, na hakurudi. Nyumbani kwetu hatukuzungumza habari zake wala za treni.

Basi kila Jumamosi niliwasha gari, nikaenda mbele hatua kumi hadi kwenye mgomba wa kwanza, nikarudi nyuma hatua kumi hadi kwenye ghala la mahindi. Mbele, nyuma. Tairi zilichimba mifereji miwili uani. Baba aliketi kizingitini akichonga mpini wa jembe, akitazama kama anayetazama mvua. Nilimchukia. Nasema wazi kwa sababu nilimchukia wazi; nilikuwa nikimwamkia na meno yameumana.

Mama akanishauri. "Mwombe baba yako akutasie."

Kutasa ni jambo la zamani kwetu, nalo mchungaji hakulipenda, hivyo lilifanyika nyuma ya nyumba. Mwenye hasira moyoni huchukua maji mdomoni, huyapuliza nje, na kwa maji hayo huitoa hasira yenyewe, akitamka amani. Zamani ilikuwa kwa pombe ya miwa, lakini mzee wa kanisa hutumia maji. Aliyetasiwa anaweza kwenda popote. Asiyetasiwa hujiangalia mwenyewe.

Nilimwendea, nikapiga magoti nusu nusu, kama kijana aliyesoma. "Baba, nitasie niende."

Hakuacha kuchonga. "Siwezi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hasira sijaitoa. Nikipuliza maji na hasira ikabaki ndani, nitakuwa nimekudanganya. Na uongo wa namna hiyo unaua."

"Basi kaa na hasira yako," nikamwambia, "na migomba yako!"

Sijawahi kumjibu hivyo kabla wala baada. Mpini ulimponyoka ukaanguka. Nilishuka hadi Mwatate bila kula, na kwa Jumamosi tatu sikupanda mlima.

Nilipanda tena masika yalipokuwa yanaisha, kwa sababu zilibaki siku chache kwa yule mwenye gereji, na sikuwa na ujasiri wa kuzimaliza peke yangu kule Voi. Nilipofika kanisani nilisikia panga. Baba alikuwa kwenye matuta, amevua koti lake la ibada, anakata migomba. Mikubwa, ile ya zamani iliyokuwa karibu na njia, aliikata pia, yenye mikungu ambayo ingeiva baada ya wiki mbili. Matuta yote matatu yalikuwa yamekwisha kusawazishwa. Alifanya peke yake kwa wiki zile tatu, mama aliniambia, na alimkataza mtu yeyote kumsaidia.

Aliponiona aliweka panga chini. Alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi na kata ya maji. Akayapuliza juu ya boneti, kisha kifuani kwangu, shati likalowa.

"Nilichokuwa nacho nimekitoa," akasema. "Nenda kwa amani, rudi kwa amani." Mama alikuwa analia kwenye kanga. Halafu baba akafungua ule mlango aliouchonga mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha pili, kofia magotini. "Nifikishe steshini."

Tuliteremka. Watu walijaa pale kanisani kutazama, na mimi niliyekuwa nimeota siku ile kwa miaka miwili sikuona hata uso mmoja. Nilitazama mikono ya baba. Kila kona alishika mlango kama anayetaka kuuzuia usiondoke. Mwatate, kisha tambarare, vumbi jekundu, twiga wawili kando ya barabara, kisha Voi. Tukasimama steshini, nikazima injini.

"Alisimama wapi?" baba akauliza.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili siku kaka alipoondoka. Nilimsindikiza pamoja na mama. Nikamwonyesha baba pale, chini ya saa, karibu na tangi la maji.

"Sikuja," baba akasema. "Alijiandikisha bila kuniambia, nikakasirika. Mama yako aliniomba nimtasie, nikasema akirudi nitamtasia. Nikakaa shambani. Treni niliisikia."

Nilitaka kusema ni vita vilivyomuua, si hasira yako. Alivaa kofia, akashuka.

"Wewe nenda Mombasa. Barabara ile pale. Mimi nitangoja basi."

Akaenda kuketi kwenye benchi, amekabili reli. Mabasi hayaji steshini. Alijua, alikuwa amepanda basi Voi tangu mabasi yaanze. Aliketi wima, mikono juu ya magoti, akingoja basi mahali ambapo basi halifiki.

Nilikaa na hendeli mkononi kwa muda mrefu. Njia ilikuwa wazi, tangi lilikuwa na petroli, baraka ilikuwa bado haijakauka shatini. Sijawahi kufungwa kama nilivyofungwa saa ile. Mwishowe nilimfuata, nikamshika kiwiko, nikamwambia twende nyumbani, nitaondoka kesho.

Yule mwenye gereji alimpata fundi mwingine. Nilibaki reli mpaka nilipostaafu, na nimewahi kuwaambia watu kwamba nilibaki kwa ajili ya baba. Ni kweli, lakini si kweli yote. Baba aliishi miaka mitano tu baada ya siku ile, na njia haikufungwa tena na mtu. Kila mwaka visiki vya migomba vilichipua, na kila mwaka nilisema nitafyeka.

Gari liko uani hadi leo. Mwanangu wa pili amejifundisha kulitengeneza; ana mkono wa babu yake kwenye mbao na kichwa changu kigumu. Mwezi uliopita alilipaka rangi ya kijani, akaliwasha, akaniambia tukila kwamba amepata kazi Nairobi na anataka kwenda nalo. Nilimjibu tutaona. Jumamosi asubuhi, kabla hajaamka, nilikuwa njiani na jembe, chipukizi za migomba kwenye gunia, na nilikuwa nimeshachimba mashimo matatu.