Kope za Dereva na Filimbi ya Mteremkoni

Ilikuwa mwaka ule mafuriko yalipobeba daraja la mbao. Hapana, nisamehe, naongopa. Mwaka wa daraja watoto walikuwa bado wanakwenda shule kwa miguu. Huu ninaousema ni mwaka uliofuata, basi la shule lilipokuwa limepakwa rangi mara ya pili, maana ile ya kwanza ilibabuka kwa jua kama pua ya mtoto mwenye mafua. Naam, mwaka huo.

Mwenye kuliendesha basi hilo alikuwa mwanamke, na wakubwa kwa wadogo walimwita Dereva tu, kana kwamba duniani hakuna mwingine aliyewahi kushika usukani. Alikuwa mtu wa mabega mapana na maneno machache, na basi lilimtii kama mbuzi amjuaye mwenye chumvi. Jua liwake, mvua inyeshe, hakuonekana bila miwani yake myeusi. Na aliyebahatika kumwona akiivua kidogo ili apanguse vumbi, aliona wanja mzito uliozunguka macho kama masizi ya sufuria.

Watu walidhani ni maringo. Kumbe mwenzao alikuwa hana kope.

Si kwamba alizaliwa bila kope. Alizing'oa mwenyewe, tangu yu mtoto, zikabaki chache za kuhesabika. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na tabia yake: likimjia jambo la kumtia wasiwasi, ulipanda peke yake mpaka jichoni, ukachagua ukope mmoja, ukaung'oa. Mtihani, ukope. Baba kachelewa kurudi, ukope. Mama yake alimfunga vidole kwa kitambaa. Shangazi akampaka shubiri, kama anayeachishwa kunyonya kidole. Wakaambulia macho mekundu tu. Ndugu zake wakampa jina: Samaki. "Samaki, hebu tukonyeze!" Kisha wanaanguka kwa kicheko, maana samaki hana kope. Jina hilo alilikimbia alipoolewa mji wa mbali na fundi viatu, mtu mpole aliyekaa kutwa nzima ameinama. Akanunua miwani, akanunua wanja, na taa ya chumbani akaizima kabla hajanawa uso. Humo mjini hakuna aliyemwita Samaki tena.

Basi wazazi wa wanafunzi wakalalamika. "Dereva gani huyu, hatujui anatazama barabara au amesinzia?" Mwalimu Mkuu hakuona neno. Akatoa amri: kuanzia muhula ujao, hakuna dereva kuvaa miwani myeusi akiwa na watoto. Kwake yeye yalikuwa maneno ya dakika moja kisha chai. Kwa Dereva ilikuwa kama ameambiwa aende kazini bila nguo.

Ndipo akaenda saluni.

Fundi kope alikuwa binti mwenye mikono mitulivu, anayefanya kazi kwenye chumba kilichogawanywa kwa pazia na upande wa kusukia nywele. Alimlaza Dereva kitandani, akamwashia taa usoni, akamkagua macho yote mawili. 

"Dada yangu," binti akasema polepole, "nyumba haijengwi hewani. Hizi kope za bandia zinashikwa kwa gundi juu ya kope zako, moja juu ya moja. Na zako ni chache, tena dhaifu. Nikuwekee nyepesi."

"Weka nene."

"Nene zitazielemea. Zitang'oka nazo."

"Nimesema nene, binti. Nataka mtu akinitazama aone kope, asione kitu kingine."

Alilala pale macho yamefumbwa, kibano kikimtembelea juu ya macho kama miguu ya mende. Harufu ya gundi ilimchoma, machozi yakataka kutoka, akayazuia. Aliinuka, akapewa kioo. Alipepesa. Akapepesa tena. Fundi akampa masharti: leo asizitie maji, kesho na siku zote aoshe kope kwa maji safi na sabuni laini, kwa upole, asisugue, asipake mafuta, likitokea lolote, mwasho, wekundu, arudi mbio.

Dereva yote aliyasikia. Lakini mtu aliyepewa alichokikosa tangu utotoni hashiki masharti, hushika hofu. Aliona maji ndiyo adui. Kama yanazidhuru siku ya kwanza, kwa nini yasizidhuru ya pili? Akajiongezea siku, kisha akajiongezea nyingine, mpaka kunawa macho kukawa ni jambo lisilotajwa. Uso aliupangusa kwa kitambaa kikavu, akizunguka macho kwa mbali kama mtu anayefagia pembeni ya nyoka aliyelala.

Tusiwe wachoyo wa kweli: kope zile zilimfaa. Asubuhi aliamka yu tayari, hana haja ya wanja. Siku ya kwanza kupanda basi bila miwani, matroni wa watoto alimsubiri mlangoni. Huyu matroni tulimwita Filimbi, kwa ile filimbi iliyoning'inia shingoni mwake hata kanisani.

"Mama yangu!" Filimbi akasema. "Hebu zima feni hiyo, shoga, utatutia mafua."

Dereva akacheka. Watoto wakasema ana macho ya mwanasesere. Alianza kuwatazama wazazi usoni, akiwaamkia. Na la ajabu kuliko yote, mkono wa kushoto uliacha kazi yake. Ulikuwa ukipanda jichoni, ukikuta kope ngeni zisizo zake, unashuka kwa aibu kama mwizi aliyemkuta mwenye nyumba. Fundi viatu naye akamwambia, bila kuinua uso kwenye soli aliyokuwa akiishona, "Mama watoto, siku hizi unalala vizuri, eh?"

Kulala vizuri! Alikuwa analala chali kama maiti anayesubiri kuoshwa, shingo imekaza, asije akazilalia.

Kisha mwasho ukaanza. Ukawa mdogo, ukawa mkubwa. Ukingo wa macho ukawa mwekundu, asubuhi kuna utando wa njano uliokauka kwenye shina la kope. Aliubandua kwa ukucha, polepole, akiomba usitoke na kitu. Kope zingine zilishikana pamoja kwa gundi na uchafu, zikawa kama ufagio mdogo. Alijua fika akirudi saluni zitatolewa. Akienda zahanati zitatolewa. Na chini yake sasa hakuna hata zile chache za zamani. Samaki angerudi, na safari hii hana miwani ya kujificha.

"Shoga, jicho hilo vipi?" Filimbi aliuliza.

"Vumbi."

"Vumbi la wiki nzima?"

"Pandisha watoto, Filimbi."

Hapa lazima nieleze jambo, vinginevyo hamtanielewa. Lango la shule ile lilikuwa jembamba, na basi liliingia kinyumenyume. Kila siku Filimbi alishuka, akasimama nyuma, akampigia Dereva filimbi: mlio mmoja mfupi, zungusha usukani kulia, miwili, kushoto, kimya, nyoosha hivyo hivyo, mlio mrefu, simama. Dereva hakuhitaji hata kutazama kioo. Watoto nao waliijua lugha hiyo, wakaicheza uwanjani wakirudishana nyuma kama magari.

Sasa asubuhi moja Dereva aliamka jicho la kushoto limegandana. Akalifungua kwa vidole, likabaki nusu. Ilimpasa abaki nyumbani. Alijua. Alisimama mbele ya kioo, akasema, nina la kulia. Akaenda.

Kabla ya shule kuna mteremko. Upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili mtaro unaoweza kumeza ng'ombe. Barabara haina pa kusimama mpaka chini kabisa, penye uwazi na rundo la mchanga wa mafundi. Basi lilikuwa limejaa watoto. Nyuma yake, karibu mno, lori la kokoto linashuka, linanguruma, linapiga honi.

Gari dogo likapanda kwa kasi, likawarushia vumbi dirishani. Dereva akapepesa jicho la kulia, na ule ufagio wa kope ukageuka ndani, ukachoma mboni.

Jicho likajifunga. Halikufungwa naye; lilijifunga lenyewe, kama konokono aliyeguswa. Na katika kubana kule, la kushoto nalo likagandana.

"Filimbi," akasema, kwa sauti ya chini kabisa. "Sioni."

"Huoni nini?"

"Sioni."

Filimbi alikaa kiti cha mbele kando ya mlango. Akamtazama, akaona macho mawili yamefumba, machozi yanachuruzika, na mikono imeng'ang'ania usukani mpaka vifundo vimepauka. Yeye hajawahi kuongoza hata baiskeli. Akifunga breki hapo, lori linawavaa. Alitaka kusema "kulia," ukuta unawajia upande wa kushoto, lakini ulimi ulimganda mdomoni kama si wake. Mkono ndio ulioijua kazi. Uliinua filimbi.

Mlio mmoja mfupi.

Mikono ya Dereva ikazungusha kulia kabla akili yake haijauliza kwa nini. Ukuta ukapita, ukikwangua kioo cha pembeni.

Kimya. Akanyoosha. Gia ya chini, mguu kwenye breki, unabana na kuachia, unabana na kuachia. Nyuma lori linapiga honi.

Miwili. Kushoto. Mtaro ulikuwa umefungua kinywa pale kulia.

"Tunarudi nyuma!" mtoto mmoja akapiga kelele kwa furaha.

"Wee mjinga, tunakwenda mbele!"

"Basi mbona filimbi?"

Wakacheka wote, wakaanza nao kuiga kwa midomo, fii, fii-fii, na Dereva akasikia milio ishirini mgongoni mwake, hajui ipi ya kweli. Hapo ndipo moyo ulipomtoka. Mikono ikasita.

Filimbi akaruka kutoka kitini. Akapiga magoti kando yake, akamwekea filimbi karibu na sikio hata pumzi yake ikampiga shavuni. Mmoja. Kimya. Kimya. Mmoja. Dereva akaishika ile iliyokuja na joto la pumzi, zingine akaziacha. Alisema baadaye kwamba maishani mwake hajawahi kukaa karibu na mtu namna ile.

Mlio mrefu.

Akabana breki kwa nguvu zote. Basi likapanda rundo la mchanga, likainua pua kidogo, likazima. Lori likapita likitukana kwa honi. Watoto wakapiga makofi. Wakadhani ni mchezo.

Shule ilikuwa jirani, walimu wakaja wakawachukua kwa miguu. Filimbi akamshika Dereva mkono mpaka zahanati.

Muuguzi wa macho alikuwa mama mtu mzima. Alilainisha gundi kwa dawa, akaziondoa kope moja moja, na nyingi zilitoka na zile za asili. Hakufoka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mama, nani alikukataza kunawa?"

"Nilijikataza mwenyewe."

"Kope zenyewe hazina ugomvi na mtu. Nawajua wengi wanaobandika nyepesi, wananawa kila siku, zikichoka wanazipumzisha, na sijawahi kuwaona humu kwa shida. Wewe umezitunza mpaka zikaoza." Akamwangazia kurunzi. "Mboni imekwaruzika. Itapona. Ungechelewa kidogo, nisingesema hivyo."

Alipomaliza, Dereva alifunika uso kwa viganja. Filimbi alikuwa amesimama mlangoni.

"Usinitazame," Dereva akamwambia.

"Nikutazame nini?" Filimbi akajibu, akitazama dari. "Kiatu chako kimefunguka kamba. Funga twende."

Njiani Filimbi akasema, "Kwa Mwalimu Mkuu tutasema vumbi. Vumbi lilikuwepo, si uongo."

 Lakini walipofika Dereva aliingia ofisini peke yake, bila miwani, bila wanja, macho mekundu na matupu kama ya kifaranga aliyetotolewa sasa hivi. Akayasema yote, tangu mwanzo. Kwamba aliamka jicho moja halifanyi kazi, akapakia watoto wa watu.

Mwalimu Mkuu akasogeza kikombe chake cha chai kando.

"Ungeniambia kuhusu miwani," akasema.

"Ningekwambia nini, Mwalimu?"

Mwalimu Mkuu alimwondoa kwenye usukani. Muhula mzima Dereva alikaa kiti cha abiria, dereva wa kuazima akiliendesha basi lake, akibamiza gia hadi yeye anafumba macho kwa uchungu. Aliposhika tena usukani, hakuwa na kope wala miwani. Siku nyingine alipaka wanja, siku nyingine hakupaka. Mkono wa kushoto ulirudi kupanda, si uongo, hasa wakifika mteremkoni. Lakini kila asubuhi alinawa macho bombani, hadharani, kwa maji mengi. Kwa fundi kope alipita mara moja moja kusalimia, na binti yule kila mteja aliyegoma kunawa alimsimulia habari za rundo la mchanga.

Mimi nilikuwa bawabu wa lango lile jembamba, na mdomo wangu haujui kukaa. Siku moja nilimuuliza fundi viatu, nikiwa nimempelekea ndara zangu: miaka yote ile, shemeji, taa inazimwa, ulikuwa hujui? Akauma uzi, akaendelea kushona. Nikamuuliza Filimbi: wewe uliyekaa naye kiti kwa kiti, miwani ikivuliwa na kuvaliwa mbele yako, kweli hukuwahi kuona? Akaweka filimbi mdomoni, akaita watoto wapande.

Basi naomba mwenye kujua anisaidie, maana yule mama alikaribia kuwatia watoto wa watu mtaroni kwa ajili ya kulificha jambo hilo: alikuwa akimficha nani?