Mguu wa Mama Msengi

Siku yangu ya kwanza kazini, matroni wa hospitali alinipokea mlangoni, akanitazama juu hadi chini, akauliza, "Wewe ndiye wa kukanda watu?" Nikamjibu kwamba nimesomea fiziotherapia, yaani kutibu viungo kwa mazoezi na vifaa. "Sawa, mwanangu," akasema, "lakini huku watakuita mkandaji tu." Alisema kweli. Kuanzia Ikungi, ambako wakulima wa Sepuka walituletea migongo iliyochoshwa na jembe, mpaka nilipohamishiwa Iramba, jina hilo nilitembea nalo.

Iramba ndiko nilikoijua vizuri baridi yabisi. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo. Utando wa ndani ya kiungo unavimba, na baada ya muda vidole vinapinda. Wagonjwa wangu wengi walikuwa wanawake walioendelea kutegemewa shambani. Asubuhi walishindwa hata kufunga kanga, na jirani aliyewaona mchana wakitembea alisema wanajidekeza.

Mmoja wao alikuwa Mama Msengi wa Ulemo, muuza vitunguu. Alikuwa na baridi yabisi kwa miaka mingi, na dawa alimeza bila kukosa. Kisha unyayo wa mguu wa kulia ukaanza kuwaka.

"Ni kama nimekanyaga makaa," aliniambia. "Nikilala nautoa mguu nje ya blanketi, naukanyagisha kwenye saruji ndipo napata nafuu. Vidole vimekufa ganzi. Na aliyenifanyia hivi namjua."

Alimtaja Rehema, wifi yake, dada wa mumewe. Walikuwa wamegombania mpaka wa mashamba yao ya alizeti, na muda mfupi baadaye mguu ukaanza kuuma. Watu wakamwambia ametegewa dawa njiani. Tangu hapo hawakusalimiana, na watoto wa nyumba hizo mbili wakakatazwa kucheza pamoja.

Nilimwita Mganga Mfawidhi, daktari aliyesimamia hospitali yetu. Akachuchumaa sakafuni mbele ya mgonjwa.

"Mkandaji," akaniambia, maana naye aliniita hivyo akiwa na furaha, "gonga polepole kwa kidole nyuma ya fundo la mguu, upande wa ndani. Usimwambie atasikia nini. Muulize."

Nikagonga. Mama Msengi akaruka. "Yesu wangu! Imepiga kama umeme mpaka vidoleni!"

"Hapo kuna njia nyembamba," daktari akamweleza. "Ndani yake unapita mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye unyayo. Baridi yabisi imevimbisha nyama za humo, na mshipa umebanwa. Hakuna aliyekutegea kitu, mama."

Mama Msengi aliinamisha kichwa. Nilimwona hakusadiki.

Tulianza kwa kuupumzisha mguu. Nilimchongea soli laini ya kuinua upinde wa unyayo, dawa zake zikabadilishwa, akachomwa sindano ya kupunguza uvimbe. Nafuu ilikuja, ikaondoka. Nilipoona misuli midogo ya unyayo inasinyaa, nilimweleza Mganga Mfawidhi.

"Mshipa ukibanwa sana hatimaye unakufa," akasema. "Tumpeleke kwa daktari wa upasuaji, akaufungulie njia."

Mumewe alikuwa machimboni Sekenke na simu haikumpata. Hakumtaja mtu mwingine wa kumuuguza. Siku ya upasuaji alikuja Rehema, bila kuitwa, na beseni na chupa ya uji. Mama Msengi akageukia ukutani.

"Nichukie, wifi," Rehema akasema, "lakini unywe uji."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Moto wa unyayo ulizimika, ingawa ganzi kidogo ilibaki vidoleni, na mikono yake iliendelea kumsumbua kama zamani. Siku moja nilipoingia kumfanyisha mazoezi nilimkuta Rehema anamwosha miguu. Mama Msengi akakishika kidole cha wifi yake, akakiweka kando ya kovu.

"Hapa ndipo palipokuwa pananiua," akasema. "Mimi nilikuwa nasema ni wewe."

"Nilisikia," Rehema akajibu. "Ulemo nzima ilisikia." Akaendelea kuosha.

Ule mpaka wa alizeti najua waliendelea kuubishania. Lakini walisalimiana, na watoto wakarudi kucheza.

Sasa nimestaafu, na magoti yangu nayo yamenigeuka. Vijana wa fani yangu wakija kunisalimu nawaambia: mgonjwa akiwa na ugonjwa mmoja mkubwa, kila maumivu yake tunayatupia humo, naye akichoka kueleza anatafuta wa kumlaumu. Mvueni viatu. Mshikeni mguu. Mwulizeni anasikia wapi.

Ninachokumbuka zaidi ni zile nyuso. Mtu ameteseka muda mrefu, anaambiwa kwamba maumivu yake yana jina na hakuna jirani aliyemtendea ubaya. Wengi walilia. Nami niliwaacha walie hadi watosheke, kisha tukaanza mazoezi.