Nilivyoingia menyu iliyofichwa ya redio ya upepo, tukasikia pumzi ya baba mdogo

Wakuu, habari za kazi. Hili limetokea nyumbani kwetu, sina haja ya kuongeza chumvi.

Mimi ni fundi simu, Nyakahanga. Baba mdogo wangu, Byabato, anachunga ng'ombe milima ya Mabira, na kule simu hazishiki kabisa. Kwa hiyo yeye na mama mdogo wanaongea kwa redio za mkononi, zile za kubonyeza ndipo useme. Leseni wanayo, msianze.

Siku moja redio ya mzee ikaangukia jiwe. Tangu hapo mama mdogo akawa analalamika: "Mwanangu, baba yako anaongea kama amefunikwa na sufuria."

Nikabadilisha betri, nikabadilisha antena. Wapi!

Nikaipeleka Bweranyange kwa rafiki yangu Dezi, fundi redio mwenye kipima masafa. Tukabonyeza kitufe cha kuongea na kuipima: redio ilikuwa imehama masafa yake. Haikuwa mbali, ila ilitosha kuharibu sauti.

Kumbe redio hizi zina service mode. Unashika vitufe viwili huku unaiwasha, inafunguka menyu ambayo haimo kwenye kile kitabu chake.

Kabla ya kugusa chochote nikapiga picha kila setingi. Jamani, backup kwanza!

Nilipoona sehemu ya nguvu ya kurusha, mkono ukaniwasha. Dezi akanizuia: "Hapo acha. Utaiunguza, halafu utaingilia mawasiliano ya wenzako."

Tukarekebisha masafa tu, taratibu, mpaka kipima kikatulia panapotakiwa. Maiki nayo tukaipandisha kidogo.

Kesho yake mzee akapanda na ng'ombe. Mimi na mama mdogo tulikuwa migombani, tunakata ebitoke, ndizi za kupika mchana. Redio ikaita.

"Mama Koku, mnanisikia?" Ni mzee, anamwita mama mdogo.

Safi kabisa! Nikaruka kwa furaha. Mama mdogo hakucheka. Akasogeza redio sikioni.

"Byabato, mbona unahema hivyo?"

"Ni mlima tu."

"Mlima huo unaupanda tangu tuoane. Hebu sema tena."

Akasema tena. Safari hii hata mimi nikasikia: kifua kilikuwa kinakoroma katikati ya maneno. Nyumbani alikuwa anajikaza, anasema mafua.

"Teremka," mama mdogo akamwambia. "Ng'ombe atawaleta jirani."

Mzee akabisha, akateremka. Nikamkimbiza hospitali kwa bodaboda. Ilikuwa nimonia, na daktari akasema tumewahi. Akalazwa, akatibiwa, akapona.

Nilichojifunza: setingi zilizofichwa si za kuchezea. Kama huna kipimo, tafuta mwenye nacho, na gusa kile tu kinachoumwa.

Sasa mzee yuko mlimani tena, na kila asubuhi anaamriwa avute pumzi mbele ya maiki kabla hajaruhusiwa kusema lolote. Analalamika, lakini anavuta.

Mafundi wa redio, nyie mmekutana na nini humo ndani? Karibuni tuongee.