Mguu Nilioukanda

Dada yangu mdogo alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa unene alinizidi mimi wa kumi na saba. Mama, aliyeuza mafuta ya mawese katika mtaa wetu wa Mudzipela, alijivunia. Aliona ndiyo afya.

Wapiganaji walipoingia mtaani tulijificha watatu nyuma ya madumu. Walimwona dada kwanza. Mmoja akamburuta uani kwa nywele.

"Watu wote wanakonda, weye unanona. Chakula iko wapi?"

"Hakuna, papa. Tuko na mihogo tu."

"Mihogo hailetake matako ya hivi," mwenzake akasema, wakacheka.

Wakampiga kwa kitako cha bunduki kwenye shavu la mguu, tena na tena. Nilipoinuka nilipigwa mdomoni, nikatema meno mawili. Jirani aliyechungulia walimpiga risasi, akaangukia langoni petu.

Siku tano risasi hazikunyamaza. Dada alilala sakafuni bila kusogea, mguu umevimba, mgumu, una joto. Kwetu aliyepigwa hukandwa kwa maji ya moto. Mama akanipa beseni kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na nguvu.

"Kanda sana, damu itembee."

Nilikanda asubuhi na jioni, dada akiuma kitenge. Siku ya sita, mikono yangu ingali mguuni, akaniita kama mkubwa wake, "Yaya, pumzi inakatika." Akakohoa damu. Alikufa kabla maji hayajapoa.

Muuguzi wa mtaani alitukuta tukichimba kaburi. Shule niliiacha mapema, kuuliza sikuacha. Nikamvuta pembeni. Alisema kipigo na kulala bila kusogea vinaweza kugandisha damu ndani ya mshipa. Mwili una njia yake ya kuliyeyusha donge hilo, lakini kwa mtoto mnene sana mafuta ya mwilini huizuia, na kazi inakwenda polepole. Huenda donge lilikuwa zima bado nilipolikanda, likang'oka, likaenda kuziba mapafu.

"Na kama ningeuacha?"

"Mwili ungejaribu. Sijui kama ungeweza."

Tangu hapo nimezurura hadi Aveba na mbali zaidi, na kila muganga wa hospitali ninayemkuta namuuliza hilo. Hakuna aliyenipa jibu tofauti.

Siku ile, pale kaburini, Mama akaja, akamuuliza muuguzi kilichomuua mtoto wake.

"Ile bunduki, mama," akajibu, bila kunitazama.

Nikachukua beleshi, nikarudi shimoni.